Leza yako ni nzima

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema kwamba umeongeza nguvu ya leza na mng'ao wa nukta kwanta yako, kile kipande kidogo mno cha fuwele kinachonasa elektroni, ukafifia badala ya kuzidi, nilisimama kwa furaha. Tafadhali usifungue chombo, wala usiguse vioo. Hicho ulichodhani ni kasoro ndicho mwanafizikia Rabi alichokiandikia hesabu mwaka 1937, ingawa yeye alikuwa akishughulika na viini vya atomu ndani ya uga wa sumaku.

Taa ya kawaida imetuzoesha kuamini kwamba mwanga ukizidi, elektroni zitakazopanda ngazi ya juu ya nishati nazo zitazidi. Mpigo wa leza, yaani mmweko wake mfupi, hauendi hivyo. Mawimbi yake yanakwenda kwa mpangilio mmoja, na elektroni inayokutana nayo huzungushwa: hutoka ngazi ya chini, hufika ya juu, na mpigo ukiwa bado unaendelea huishusha tena. Inaposhuka hivyo nishati hurudi kwenye mpigo wenyewe badala ya kutoka kama mng'ao, ndiyo maana kipimo chako kiliona mng'ao ukififia. Kinachoamua elektroni iachwe wapi ni eneo la mpigo, yaani ukali wa uga wa umeme wa mwanga ukijumlishwa kwa muda wote wa mpigo. Eneo likiwa pai, yaani nusu ya mzunguko, imefika juu kabisa. Likiwa pai mbili, imerudi ilikotoka.

Eneo hilo hukua kwa kipeuo cha pili cha nguvu. Kama ulikuwa kwenye pai ukaongeza nguvu mara nne, umefika pai mbili, na nukta inaonekana kana kwamba haikuguswa. Basi chora upya mchoro wako, na safari hii mhimili wa chini uwe kipeuo cha pili cha nguvu. Utaona wimbi linapanda na kushuka. Usishangae vilele vya mbele vikiwa vifupi kuliko cha kwanza. Mitetemo ya fuwele inayoizunguka nukta huuvuruga mzunguko, na huuvuruga zaidi nguvu inapokuwa kubwa.

Kuhusu urefu wa mpigo, baki kwenye pikosekunde (sehemu ya trilioni ya sekunde) chache. Elektroni hukaa juu kwa muda unaokaribia nanosekunde moja tu, yaani pikosekunde elfu, kwa hiyo kazi lazima iishe mapema zaidi ya hapo. Lakini ukiufupisha mno, masafa ya mwanga yatatawanyika na kuzigusa ngazi za jirani. Hapo huna tena mfumo wa ngazi mbili.

Sasa nikuambie jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua. Ukikosea eneo la mpigo wa pai kwa asilimia 10, elektroni bado itafika juu kwa uwezekano wa asilimia 97.6. Kileleni makosa hayaonekani upesi. Kosea vivyo hivyo mpigo wa nusu pai, ule unaoiacha elektroni katika ngazi zote mbili kwa pamoja, na badala ya asilimia 50 utapata 42 ukipunguza, au 58 ukizidisha. Kwa hiyo usijivunie leza yako kwa kuipima kileleni. Ipime katikati ya mteremko, pale inapoumbuka.

Na dawa ipo, nayo inanigusa kila nikiifikiria. Mwaka 1979 Levitt na Freeman, waliokuwa wakifanya kazi na sumaku za viini, waligawa mpigo mmoja wa pai kuwa mitatu: nusu pai, kisha pai nzima ambayo awamu yake, yaani mahali wimbi lilipo katika mzunguko wake, imesogezwa robo ya mzunguko, kisha nusu pai tena kwa awamu ya kwanza. Nimeifanya hesabu hiyo kwa mkono, nikiweka kosa lile lile la asilimia 10 katika mipigo yote mitatu. Jibu ni asilimia 99.9. Chombo ni kile kile kibovu, hakuna aliyekirekebisha, ila kosa la mpigo wa mwisho linalifuta la kwanza kwa sababu ule wa kati umegeuza upande.

Inahitaji awamu ishikwe vizuri, jambo ambalo kwa mwanga ni gumu kuliko kwa mawimbi ya redio. Anza kwanza na mchoro. Ukishaupata, niandikie nguvu uliyoikuta kwenye kilele cha kwanza na kwenye bonde linalofuata. Ikiwa ya bonde ni karibu mara nne ya kilele, tutaanza kupanga mipigo mitatu.

Rafiki yako akupendaye