Wanyamapori hawaanzii langoni mwa hifadhi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wakazi wenzangu wa Moshi kwamba furaha ya kumwona mnyamapori haianzii kwenye lango la hifadhi. Katika Msitu wa Rau, ulio karibu kabisa na mji, mtu aliye tayari kutembea polepole na kunyamaza anaweza kuwatazama mbega, wale wenye manyoya meupe marefu yanayoning'inia ubavuni, wakila majani juu ya miti kwa utulivu wa wazee barazani. Mbega hana kidole gumba cha kufaa, na tumbo lake lina vyumba kadhaa vinavyochachusha majani magumu ambayo tumbili hayawezi. Ndiyo maana kumtupia mkate, kama nilivyoona watu wakifanya, ni kumdhuru na si kumkirimu.

Safarini nako tuna pupa. Abiria wengi wa basi la Babati husinzia wanapopita Kwakuchinja, ingawa ndiko nyumbu na pundamilia huvuka barabara kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, na dereva anayepunguza mwendo hapo hunung'unikiwa kana kwamba amekosea. Anayependa kutembea kwa miguu aende Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, ambako huweza kuwaona nyati na twiga akisindikizwa na askari mwenye silaha. Mwenye haraka, au asiye na nauli, aanze na hondohondo wa mtaani kwake, ambao kelele zao hazina kiingilio.

Msomaji wako,
Moshi