Nakuandikia nikiwa wodini

Dar es Salaam, Jumanne usiku

Shoga yangu Mama Neema,

Hujambo? Watoto wazima? Mwandiko uvumilie, niko kwenye benchi la wodi.

Ni Juma. Wiki tatu kichwa kinamuuma. Zahanati wakampa mseto, kisha sindano za taifodi, mimi nikasema ni pombe tu. Alhamisi akaniuliza, “Dada, huyo mwenzio nani?” Nilikuwa peke yangu.

Huku wakamtoboa kidole, tone la damu kwenye kipimo, dakika kumi mistari miwili. Fangasi, shoga! Kriptokokasi, wamo hata kwenye mavi ya njiwa. Mimi na wewe huenda tunawavuta na hatuna habari. Yeye CD4, askari wa kinga mwilini, ni 38 tu.

Ikabaki kutoa maji ya uti wa mgongo, waone kama wamefika kwenye ubongo. Mama akagoma. Unamjua: eti mtoto wa jirani alichomwa akapooza. Tumebishana koridoni saa nzima mpaka nikasaini mimi. Daktari akasimamisha mrija wa kupimia presha, maji yakapanda hadi sentimita 34, na ya kawaida haivuki 20. Akayapunguza polepole. Jioni Juma akafumbua macho, akauliza Yanga wametoka ngapi. Mama hakusema neno, akaenda kutafuta uji. Jana wametoa tena, leo tena, na anayemshika mabega asitikisike ni mama huyohuyo.

Dripu ya amfoterisini, dawa ya fangasi, kapewa mara moja tu, dozi kubwa. Zamani ilikuwa kila siku mpaka wiki mbili, figo zinateseka. WHO wamebadili mwongozo 2022. Sasa ni vidonge siku 14: flusitosini kila saa sita, hata usiku wa manane namwamsha, na flukonazo sita kwa mpigo. Baada ya hapo flukonazo inaendelea miezi na miezi.

Ila kinachonikaba ni zile ARV. Kumbe ameziacha tangu mwaka jana! Leo analia apewe, daktari anakataa: asubiri wiki nne hadi sita, kinga ikizinduka ghafla ubongo unaweza kuvimba. Mama anaona wanamnyima. Nimeeleza mpaka…

Wewe ulijua ameacha? Mbona Rehema anasema ulijua? Sikulaumu. Au nakulaumu kidogo. Utashuka Jumamosi? Wewe anakusikiliza, mimi ananiita polisi. Na ile chupa yangu ya chai bado iko kwako?

Wako,
Mwajuma