Nguo yenye damu haiwekwi kwenye rambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Nimelisoma tangu nikiwa mwanafunzi wa utabibu na sijawahi kukuandikia, hata nilipokuwa na sababu. Lakini ile habari yenu ya Jumanne iliyopita, yenye picha ya mashine nyeupe na wataalamu waliovaa barakoa, imeninyima usingizi. Mwandishi wenu anaeleza kwamba siku hizi chembe chache za ngozi zinatosha kumtambua mtu kwa vinasaba vyake (DNA), na anamalizia kwa kusema wahalifu hawana tena pa kujificha. Wanapo, Mhariri. Wanajificha ndani ya rambo, mfuko wa plastiki.

Mimi ni tabibu mstaafu. Nimefanya kazi miaka 31 kwenye zahanati na vituo vya afya, na PF3, zile fomu za polisi za kujazia majeraha ya mtu, siwezi kuzihesabu nilizojaza. Sayansi siichukii, ndiyo iliyonilisha. Kinachoniudhi ni kusifia mwisho wa safari wakati mwanzo wake tunauacha ukioza.

Mwaka 2013, wakati wa masika, mdogo wangu wa mwisho aliuawa usiku akilinda ghala la tumbaku. Nilikuwa kituo cha mbali, nikafika saa nane mchana. Nilikuta watu zaidi ya mia wamesimama palepale alipoangukia, wamekanyaga kila kitu, watoto wameshaokota vifungo vya shati lake. Mwili ulikuwa umekaguliwa harakaharaka, ndugu wakaruhusiwa kuzika, na wazee wakawa wameshauosha. Jioni, tukiwa tumekaa matangani, baba yetu mdogo, aliyekuwa mmoja wa waoshaji, alinisogelea akaniambia kwamba mwanetu alipigana kiume, maana kucha zake zilikuwa zimejaa damu na ngozi ya mtu, na yeye alizisafisha kwa kijiti, kidole kimoja baada ya kingine, ili mwanawe aende safi. Nilinyamaza. Ningemwambia nini mzee yule? Alitimiza wajibu wake. Mwenye kosa ni aliyeuachia mwili bila kufunika ile mikono kwa karatasi, bila kukata kucha, bila hata kuuliza. Kilichobaki kikawa kofia. Ilikutwa alasiri hiyohiyo chini ya toroli, kofia ya sufi ambayo haikuwa ya mdogo wangu, imelowa mvua na damu. Askari aliyekuja aliiokota kwa mkono mtupu, akaitia kwenye rambo pamoja na shati la marehemu na panga, akapiga fundo. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ianikwe kwanza kivulini, na kila kitu kikae kwenye mfuko wake wa karatasi. Akanijibu, "Shikamoo mzee, mifuko ya karatasi hatuna, hatujawahi kupewa." Glavu pia hakuwa nazo, nikampa zangu. Rambo lile likakaa kwenye kabati la kituo miezi saba, chini ya bati, kwenye joto la Unyamwezi. Lilipofikishwa maabara, majibu yalirudi kwamba sampuli zimeharibika na hazitoi kitu. Zingetoa nini? Damu mbichi ikifungiwa kwenye plastiki inatoa jasho, ukungu na bakteria vinakula vinasaba vyote, na vitu vitatu vikilala pamoja, damu ya huyu inahamia kwenye nguo ya yule. Mama yeyote aliyewahi kusahau mchicha kwenye plastiki siku mbili anajua habari hiyo. Vijana wawili walikuwa wameshakamatwa. Walikaa mahabusu miaka mitatu, kisha wakaachiwa kwa kukosekana ushahidi, na mtaani wanaitwa wauaji mpaka leo. Sijui kama ni wao. Mmoja nakutana naye sokoni, anauza vitunguu. Tunaangaliana, na hakuna kati yetu anayeweza kumtoa mwenzake kwenye mashaka. Kofia ile ingetusemea sote wawili.

Mwandishi wenu amemtaja mwanasayansi Alec Jeffreys na ugunduzi wake wa mwaka 1984 pale Leicester, Uingereza, wa kumtambua mtu kwa vinasaba, halafu akarukia mashine. Lililo muhimu amelipita. Wasichana wawili wa miaka 15 waliuawa kwenye vijiji vya jirani na mji huo, mmoja mwaka 1983, mwingine mwaka 1986. Kijana wa miaka 17 akakiri kumuua wa pili. Polisi wakampelekea Jeffreys sampuli za matukio yote mawili, wakitarajia zimfunge kijana huyo. Vinasaba vikaonyesha kwamba muuaji alikuwa mmoja, na hakuwa yeye, ingawa alikuwa amekiri kwa kinywa chake. Ndipo wanaume zaidi ya 5,000 wa eneo lile walipoombwa kutoa damu au mate, na Colin Pitchfork, aliyemshawishi mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake, akakamatwa mwaka 1987 na kufungwa maisha mwaka 1988. Sasa, Mhariri, tazama hizo tarehe. Sampuli ya mwaka 1983 ilichukuliwa kabla ugunduzi wenyewe haujakuwepo! Hakuna askari wala daktari wa siku ile aliyejua kwamba itakuja kusomwa namna hiyo. Waliichukua, wakaiandika, wakaitunza, na sayansi ilipofika ikakuta kitu cha kusoma. Sisi sayansi imeshafika, na inakuta fundo la rambo.

Tena mashine zikizidi kuwa kali, uchafu wetu nao unazidi kusikika. Kwa miaka kadhaa polisi wa Ujerumani walimsaka mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio mengi, hadi Austria na Ufaransa, likiwemo la kuuawa kwa askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika kwamba muuaji huyo hayupo. Vinasaba vile vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwandani aliyegusa vijiti vya pamba walivyokuwa wanachukulia sampuli. Hao ni Wajerumani, wenye kila kifaa. Sisi tunaookota kofia kwa mkono tulioshikia chapati asubuhi tutamsaka nani?

Wala tusiseme sheria haipo. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu tunayo tangu mwaka 2009. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza wazi kwamba kielelezo kinatakiwa kifuatane na maandishi: nani alikikamata, nani alikitunza, kilikabidhiwa kwa nani, kilipimwa na nani. Mawakili wanaijua rufaa hiyo kwa moyo, na kila wanapoiona karatasi moja imekosekana wanaitumia, na wana haki kabisa.

Na kwa kuwa nimeshataja mahakama, niseme na hili limenikaa kifuani. Mwaka mmoja niliitwa kutoa ushahidi wa PF3 niliyomjazia mama aliyevunjwa taya na mumewe. Basi saa sita kwenda, saa sita kurudi, nauli yangu, gesti yangu. Mara ya kwanza upelelezi haujakamilika. Mara ya pili hakimu yuko likizo. Mara ya tatu mwendesha mashtaka amehamishwa na jalada halionekani. Mara ya nne tulikuwa tayari sote, ila yule mama hakuja. Alikuwa ameshachoka, na nasikia alirudi kwa mume wake. Taya nililipima mimi, nilichora hata mstari wa ufa, na karatasi ile haikusomwa mahakamani hata siku moja. Halafu tunaambiwa wananchi hawatoi ushirikiano. Ushirikiano wa nani, Mhariri, wakati shahidi analala stendi? Na majeruhi wangapi nimewaona wanafika kwangu wameshaoga na kubadili nguo, kwa kuwa walikuwa wanazunguka kutafuta fomu na wakaona aibu kutembea na damu barabarani? Nguo walizovuliwa zikawa zimeshafuliwa. Nikiwauliza nani aliwaambia wafue, wananishangaa: nani aliwaambia wasifue?

Ninachoomba ni kidogo na nimekipigia hesabu. Kila kituo cha polisi, hata kile cha chumba kimoja, kipewe mifuko ya kaki 50 ya saizi tatu, ya kofia, ya shati na ya blanketi, pamoja na boksi moja la glavu. Kiwe na kamba ya kuanikia, mita nne, kwenye chumba chenye kivuli na kufuli, na ufunguo uwe mmoja. Kiwe na kaunta buku moja yenye safu tano: tarehe na saa, kitu gani, kimetoka wapi, kimetolewa na nani, kimepokelewa na nani, kila mstari na sahihi. Mtendaji wa kila kijiji apewe kamba ya katani ya mita 60, ili mtu akiuawa azungushe eneo kabla hajapiga simu ya pili. Waosha maiti wa misikitini na wanaoandaa miili makanisani waitwe kwa heshima, nusu siku tu, waelezwe habari ya kucha. Wazee wale ni wasikivu. Baba yetu mdogo angesubiri mpaka kesho yake kama angeambiwa.

Wilaya yetu isingoje bajeti. Mifuko 50 ya kwanza nimeshainunua kwa pensheni yangu. Imo kwenye sanduku la bati chumbani kwangu, sijaigusa kwa mkono mtupu, na kaunta buku nimeshaipiga mistari. Mkuu wa polisi wa wilaya amtume mtu aje kuvichukua. Siku za juma ninakuwepo nyumbani mpaka adhuhuri.

Tabibu mstaafu,
Mkoa wa Tabora