Barua ya wazi kwa mabinti wanasayansi mnaoshangilia viwanjani

Wanangu mlioko Marekani, ninyi ambao wiki nzima mko maabara na wikiendi mnashika pomponi, yale mashada ya washangiliaji wa timu, hamjambo?

Majuzi, wakati wa mapumziko ya mechi, mlicheza vizuri mno. Mkawapanga watoto foleni, mkawagawia vijiti vya pamba wapanguse soli za viatu na simu za wazazi wao ili kutafuta bakteria. Kisha vijiti vyote vikatiwa mfuko mmoja, bila lebo hata moja, na mfuko ukashinda kwenye buti la gari juani. Mkapiga picha, mkaondoka. Mfuko ule ndio ulionikalisha kuandika. Watoto wale waliambiwa wamefanya sayansi, na hawakufanya.

Mnasema mnawaiga Science Cheerleaders, kundi la Darlene Cavalier, aliyewahi kushangilia timu ya kikapu ya Philadelphia 76ers. Sawa, lakini mmeiga mavazi. Katika mradi wao wa MERCCURI, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, bakteria waliokusanywa viwanjani na kwingineko walipelekwa kituo cha anga cha kimataifa mwaka 2014. Aina 48 zilioteshwa huko juu, na zile zile zikaoteshwa duniani ili zilinganishwe. Karibu zote hazikuonyesha tofauti kubwa. Moja, Bacillus safensis, ilistawi zaidi angani, nayo ilikuwa imepanguswa kwenye chombo cha kwenda Mirihi kabla hakijarushwa. Tunajuaje ilikotoka? Kwa sababu mtu aliandika lebo.

Basi sikilizeni. Lebo huandikwa kabla ya kupangusa, kwa maka peni isiyofutika: namba, tarehe, saa, mahali, kitu kilichopanguswa. Jina la mtoto haliandikwi. Kijiti kiwe kimetakaswa kisiwe na kijidudu, ncha yake isiguswe, na kiloweshwe kidogo kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, maana kikavu hakibebi vya kutosha. Panguseni eneo la sentimita 10 kwa 10, mlalo kisha wima, huku mkikizungusha. Kila kijiti kiingie kwenye kichupa chake. Na katika kila vijiti 20, fungueni kimoja hewani, msiguse nacho kitu, mkifungie kama vingine. Hicho kikiotesha bakteria, jueni uchafu ni wenu, si wa kiatu.

Vichupa viwekwe kwenye kasha la barafu, karibu nyuzi 4, na vifike maabara siku hiyo hiyo au kesho yake. Kwenye buti lenye joto bakteria wengine huzaana na wengine hufa, kwa hiyo mtakachohesabu ni habari za buti, si za soli. Mkiotesha kwenye sahani za petri, vile visahani vya kuoteshea bakteria, mbele ya watoto, msizidishe nyuzi 25, kwani nyuzi 37 ndilo joto wanalolipenda vijidudu vinavyotuuguza. Kifuniko kishikwe kwa vipande vya selotepu, kisizungushiwe chote hewa ikakosa njia, na kisifunguliwe tena. Mkimaliza, sahani ziingie otokleva, mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15, ndipo zitupwe. Haya mnayajua kazini. Kwa nini mnayasahau mkivaa sketi fupi?

Tena mna somo mwilini mwenu ambalo profesa hana. Mnapomrusha mwenzenu, akianguka mita 2 hadi mikononi mwenu, anawafikia baada ya sekunde 0.64 kwa kasi ya mita 6.3 kwa sekunde. Mikono ikishuka naye sentimita 50, mnabeba kwa wastani mara 5 ya uzito wake. Ikikakamaa na kushuka sentimita 25 tu, ni mara 9. Ndiyo maana kocha anawafokea mkunje magoti! Waelezeni watoto hivyo, lakini wasirushane. Wapeni yai bichi na shuka iliyolegea: likirushwa kwa nguvu kwenye shuka halipasuki, likigonga ukuta mnajua wenyewe.

Mengine kwa kifupi. Miwani ya usalama kwa kila jaribio, hata la povu. Naitrojeni ya kimiminika haifungiwi kwenye chupa kamwe, kwa kuwa ikigeuka hewa hujaa takriban mara 700. Muziki uzimwe mnapoeleza. Kila mmoja aseme kazi yake kwa sentensi moja. Msiwadanganye watoto kwamba sayansi ni rahisi.

Na ninyi mnaokaa majukwaani mkiuliza kama msichana aliyejipamba anaweza kweli kuwa mhandisi, nani aliwaambia kioo na kitabu havikai nyumba moja? Klabu nazo zisijifanye hazisikii. Oakland Raiders, timu ya futiboli ya Kimarekani, walikubali mwaka 2014 kulipa dola milioni 1.25 kumaliza kesi ya malipo ya washangiliaji wao. Wanangu, kabla ya kukubali mwaliko ulizeni posho, meza, umeme na nafasi ya kasha la barafu. Asiyeweza kutoa meza hataki sayansi, anataka picha.

Ule mfuko utupeni, haupimiki tena. Ila kabla ya mechi ijayo waandikieni wazazi kwamba sampuli ziliharibika, muwaeleze ziliharibikaje, na muwaite watoto wale wale waje kupangusa upya, safari hii wao wenyewe wakiandika lebo.