Barua kwa Mwanangu: Asipoponya, Kunabaki Nini?

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako kwa makini, na kilichoniumiza si habari za mikesha wala za chupa ya mafuta ya upako mliyoiweka karibu na kitanda, bali ni kule kuambiwa kwamba mkeo hajapona kwa sababu imani yako ni haba.

Mimi sikatai miujiza. Mungu huponya, na sina haja ya kumpunguzia uwezo ili nimtetee. Ninachokuuliza ni hiki: asipoponya, kati yako na yeye kunabaki nini?

Isome sura ya 6 ya Injili ya Yohana hadi mwisho, maana wahubiri wengi huishia kwenye mikate. Wanaume wapatao 5,000 walishibishwa kwa mikate mitano na samaki wawili, wakataka kumshika Yesu wamfanye mfalme. Kesho yake wakavuka bahari kumtafuta, naye akawaambia waziwazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula wakashiba. Wakadai ishara nyingine, shibe ya jana ikiwa imekwisha kusahaulika! Kabla sura haijaisha, wengi wa wanafunzi wake walikuwa wamerudi nyuma, wakisema kwamba mafundisho yake ni magumu. Petro alipoulizwa kama nao wale Thenashara, yaani wanafunzi kumi na wawili wa karibu, wanataka kuondoka, hakutaja mkate hata mmoja. Alisema hawana mwingine wa kumwendea, kwa kuwa Yesu ndiye mwenye maneno ya uzima wa milele. Sidhani kwamba alikuwa ameyaelewa mafundisho ya siku ile kuliko wenzake, ila alikuwa amekwisha kumjua aliyeyasema.

Ama hiyo hoja ya imani haba, waulize walioitoa watamwambia nini Paulo. Leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, lakini mtu huyohuyo aliomba mara tatu ule aliouita mwiba katika mwili wake, taabu iliyomsumbua, uondolewe na hakuondolewa, bali aliambiwa kwamba neema yamtosha. Tena alimwacha mwenzake Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa. Wala kutenda miujiza si kipimo, kwani katika Mathayo sura ya 7 wapo watakaojitetea kwamba walitoa pepo na kufanya miujiza mingi, nao wataambiwa kwamba hawakujuliwa kamwe.

Unasema siku hizi huwezi kuomba isipokuwa mbele yako awepo mtu wa kukuongoza, kwa kuwa ukibaki peke yako unajawa na hasira. Basi mpelekee Mungu hiyo hasira. Zaburi ya 88 haina shukrani hata katika mstari wa mwisho, inaishia gizani, lakini tangu mwanzo mwandishi wake anaongea na Mungu mwenyewe, akimuuliza kwa nini anamficha uso wake, na malalamiko hayo yamehifadhiwa katika Maandiko kama sala. Kaa nayo usiku mmoja, bila kipaza sauti na bila mtu wa kukuhesabia maneno, kisha useme yaliyo yako, hata yakiwa mafupi na machungu.

Mkeo asiache dawa alizoandikiwa na daktari, hata kama kuna atakayesema kwamba kuzimeza ni kukosa imani. Paulo huyohuyo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yaliyompata mara kwa mara, wala hakumkemea.

Ni mimi,
Baba yako