Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: 18 iwe 18

Mheshimiwa,

Shikamoo. Jina lako silitaji, unajijua. Nasi tuliokupigia makofi siku ulipotuahidi kwamba tukichora serikali itakuwa nyuma yetu, tunakujua. Kweli mko nyuma. Mbali sana.

Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja jioni, nilikuwa juu ya ngazi katika ukumbi mmoja hapa Mombasa, nafunga kitambaa cheupe cha kuonyeshea katuni yangu. Meneja akaja, simu mkononi, akaniambia nishuke. Nje kuna watu wenye mabango wanasema nafundisha watoto uchafu, na kuna mkubwa kapiga simu. Mkubwa gani? Hakusema. Nina dhana yangu, lakini dhana si ushahidi, naiacha hapo ilipo.

Nilikuwa nimeuza tiketi 63, shilingi 300 kila moja. Usiku ule nilikaa kitandani narudisha pesa mtu mmoja mmoja kwa simu, ada ya kutuma juu yangu. Msusi mmoja wa Kisauni alikataa zake. Weka, akasema, utanionyesha siku utakayoacha kuogopa. Hilo liliniuma kuliko mabango.

Katuni yenyewe ni dakika 11. Kwa asiyechora: hata ukibana matumizi, sekunde moja inataka michoro 12. Piga hesabu, ni michoro 7,920. Miaka miwili na nusu, usiku baada ya kazi, tokeni za stima zikikatika katikati ya mstari. Mkono wa bibi harusi peke yake, anavyopakwa hina, ulinila wiki tatu.

Ni hadithi ya bibi harusi na somo wake, yaani mwanamke anayemfunda mambo ya ndoa, usiku wa kufundwa. Kuna vicheko, kuna kungumanga, kile kiungo kinachosemwa huamsha hamu, na kuna maneno ambayo, unisamehe, yalisemwa pia kabla ya harusi za wengi wa hao wenye mabango.

Bibi yangu alikuwa somo. Siku ya kazi yake sisi watoto tulifukuzwa uani, mlango ukafungwa, na aliyechungulia alipata konzi. Sikuwahi kusikia mtu akidai mwari asifundwe kwa sababu mtaani kuna watoto. Mlango ulitosha. Mlango wangu mimi ni hiyo 18, alama ya kwamba kazi ni ya watu wazima tu. Kazi niliipeleka kwa bodi ya kuainisha filamu ikakaguliwa, nikalipa, nikapewa 18, nikaiandika kwenye bango kubwa kuliko jina langu. Kosa langu nalikiri: bango nililipaka rangi za peremende, na somo nikamchora macho makubwa kama sahani. Anayepita mbio na matatu atadhani ni mambo ya chekechea. Ningeambiwa, ningelichora upya usiku uleule.

Wenye kampeni wana neno moja tu, kwamba katuni ni ya watoto. Basi Gado, mchoraji wa katuni za siasa, miaka yote ile gazetini alikuwa akiwachorea watoto? Wabunge waliokuwa wakinuna asubuhi walikuwa na umri gani?

Hatujaanza leo. Juni 2017 bodi hiyohiyo ilipiga marufuku katuni 6 za televisheni, The Loud House na Adventure Time zikiwemo, kwa madai kwamba zinaeneza ushoga. Zile angalau zilikuwa za watoto kweli. Mpwa wangu alihamia kwenye simu ya mamake, akaendelea kutazama huko, bila mkubwa yeyote kando yake. 2018 ikaja zamu ya Rafiki, filamu ya wasichana wawili wanaopendana. Mahakama Kuu ikaifungulia siku 7, kwa watu wazima, na Nairobi kumbi zikajaa. Siku ya nane nchi ilikuwa palepale, hakuna aliyeanguka.

Sheria inayotubana, ile ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, ni ya 1962, bendera ya Uhuru haijapandishwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina lake. Kisha inataja visivyolindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, utetezi wa chuki. Nimesoma mara tatu. Kungumanga haimo.

Siwachukii wale akina mama wa mabango. Mmoja aliniita mwanangu huku akinifukuza. Wanaogopa simu zilizo mikononi mwa watoto wao, nami naogopa hizo hizo, lakini simu haina mlango wa kusimamia. Ukumbi unao, ndiyo sababu wakaja ukumbini.

Nilianza barua hii na maombi matano. Nilitaka sheria ibadilishwe, nilipwe hasara, niombwe radhi, na mengine. Nimeyafuta yote. Mliotoa 18, iheshimuni 18. Basi.

Ukumbi mwingine nimeupata, mdogo, juu ya duka la magodoro. Ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa mbili usiku. Mlangoni atakaa bibi yangu mwenyewe, na kiti chake na leso yake, akiomba kitambulisho. Mheshimiwa, jioni ile nakuomba jambo moja tu: simu isipigwe.

Wako mtiifu, bado,
Mchoraji, Mombasa