Kinachokula betri si wingi wa vichupo, ni vipima muda visivyolala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii niweke sawa ushauri unaorudiwa kila kukicha: kwamba kompyuta ikichemka na betri ikikata upesi, dawa ni kufunga vichupo (tabs) vyote vya kivinjari au kununua kumbukumbu (RAM) zaidi. Ushauri huo si uongo, ila unalenga pembeni. Kichupo kilichotulia hakimpi kichakataji (CPU) kazi yoyote, hata kama ni cha arobaini kwenye mstari. Kimekalia nafasi kwenye kumbukumbu, basi. Kinachochosha mashine ni ukurasa ambao hakuna anayeutazama, lakini kila baada ya muda mfupi unajiamsha kufanya jambo.

Ukurasa hujiamsha kwa kipima muda. Msimbo wake wa JavaScript hukiagiza kivinjari kiuamshe baada ya milisekunde kadhaa: setTimeout ni agizo la mara moja, setInterval hujirudia mpaka izimwe. Kwa maagizo hayo mawili ukurasa wa habari huuliza seva kama kuna jipya, tangazo hubadilisha picha, sanduku la barua pepe hukaguliwa, na wapima takwimu huhesabu msomaji amekaa dakika ngapi. Kazi yenyewe mara nyingi haizidi milisekunde moja au mbili. Ubaya wake ni kukatiza usingizi. Kichakataji cha kisasa kikikosa kazi hushuka hatua kwa hatua katika hali za usingizi, na kadiri kinavyozama ndivyo kinavyopunguza umeme. Kupanda na kushuka huko kuna gharama yake. Ni kama mtu anayegongewa mlango kila dakika: hata kama hakuna mgeni anayeingia, halali. Ukurasa unaoamka kila milisekunde 100 bila kuzuiwa hukiamsha kichakataji mara 10 kwa sekunde, yaani mara 36,000 kwa saa. Vichupo vitano vya namna hiyo, kila kimoja na mwendo wake, vinafikisha 180,000.

Watengenezaji wa vivinjari wanalijua hili tangu zamani. Mwaka 2011 Chrome na Firefox zote ziliweka kikomo: kipima muda kilicho katika kichupo cha nyuma kisiamke zaidi ya mara moja kwa sekunde. Machi 2017, katika toleo la 57, Chrome ikaongeza bajeti. Ukurasa ukishafichwa kwa sekunde 10 huanza kupimiwa muda wa kichakataji, sekunde 0.01 kwa kila sekunde inayopita. Ukitumia, unakatwa, salio likiwa hasi, vipima muda vyake vinasubiri. Kwa hesabu hiyo, ukurasa unaotumia nusu sekunde kwa kuamka mara moja hulazimika kungoja takriban sekunde 50 kabla ya kuruhusiwa tena. Wakati huo Google walisema vichupo vya nyuma vilikuwa vinakula theluthi moja ya umeme wote unaotumiwa na Chrome kwenye kompyuta. Firefox ina utaratibu unaofanana: baada ya sekunde 30 nyuma, ukurasa hurejeshewa milisekunde 10 kwa kila sekunde.

Kisha Januari 2021, katika toleo la 88, Chrome ilikaza zaidi: kuamka mara moja tu kwa dakika. Lakini hapo kuna masharti, na masharti hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini mashine nyingine bado zinachemka. Katika toleo hilo, ukurasa uwe umefichwa kwa zaidi ya dakika tano. Uwe umekaa kimya, bila sauti, kwa sekunde 30 au zaidi. Usiwe na mawasiliano ya moja kwa moja ya WebRTC, yale ya simu za video. Na kipima muda chenyewe kiwe katika mlolongo, yaani kimezaliwa na kipima muda kingine kilichozaliwa na kingine, kufikia mara tano. SetInterval huhesabiwa hivyo kila inapojirudia. Waliofikiri kukwepa kwa kupiga wimbo usio na sauti walishafikiriwa: Chrome haihesabu kimya kuwa sauti.

Mianya iliyobaki ni ya kweli. Ukurasa wenye muunganisho wa WebSocket, njia ya mawasiliano inayobaki wazi kati ya ukurasa na seva, husamehewa bajeti ya mwaka 2017. Vipima muda vilivyowekwa ndani ya Web Worker, kile kitengo kinachofanya kazi kando ya ukurasa, kwa kawaida havibanwi kabisa. Viendelezi, zile programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, vina michakato yake. Na kuna jambo ambalo wengi hawalitilii maanani: dirisha lililo wazi kwenye skrini ya pili halijafichwa. Hata kama macho yako hayako huko kutwa nzima, kwa kivinjari ukurasa huo unaonekana, na hakuna kinachopunguzwa.

Kwa mtumiaji wa kawaida, kazi ya kwanza ni kumtafuta mkosaji, si kufunga kila kitu. Kwenye Chrome ya Windows au Linux bonyeza Shift na Esc kwa pamoja; litafunguka jedwali la kazi za kivinjari. Bofya kichwa cha safu ya CPU ili wakubwa wapande juu, kisha ondoa mkono kwenye kipanya na ungoje dakika mbili. Usikimbilie kuhukumu sekunde za mwanzo, kwa sababu kila ukurasa uliotoka kufunguka una haki ya kuchangamka. Kichupo cha nyuma ambacho baada ya hapo bado kinabaki na asilimia kadhaa bila kushuka, hicho ndicho. Kwenye Firefox andika about:processes katika sehemu ya anwani. Utapata orodha ya namna hiyo hiyo, pamoja na viendelezi. Mara nyingi utakuta kati ya vichupo ishirini ni viwili au vitatu tu vyenye kelele, na vilivyobaki vimelala fofofo.

Chrome tangu toleo la 108, la mwishoni mwa mwaka 2022, ina swichi mbili katika mipangilio, sehemu ya utendaji. Ya kumbukumbu hukitupa kichupo kisichotumika: jina lake linabaki kwenye mstari lakini ukurasa wenyewe hauko tena, na ukikirudia unapakiwa upya. Ya nishati hupunguza kazi za nyuma na madoido ya mwendo wakati kompyuta inatumia betri, kwa kawaida betri ikifika asilimia 20. Edge ina vichupo vya kulala, na mtumiaji huchagua mwenyewe vilale baada ya muda gani. Tahadhari moja: kichupo kilichotupwa kinaweza kupoteza maandishi ambayo hayajahifadhiwa. Vivinjari hujitahidi kukwepa kurasa zenye fomu iliyoanzwa kujazwa, lakini usiiachie bahati. Tovuti unayoandikia kazi ndefu iongeze kwenye orodha ya tovuti zisizoguswa.

Wa Firefox wanaopenda kufungua boneti wanaweza kwenda about:config na kutafuta dom.min_background_timeout_value. Thamani yake ya kawaida ni 1000, yaani sekunde moja. Ukiipandisha kuwa 10000, vipima muda vya nyuma havitaamka zaidi ya mara moja katika sekunde 10. Faida utaiona, na hasara pia: ukurasa wa gumzo unaotegemea kuuliza seva kila mara utakuletea ujumbe umechelewa. Upande wa Chrome, mtu aliyewahi kuiwasha kwa amri ya --disable-background-timer-throttling, pengine kwa ajili ya mchezo fulani, aikague njia yake ya mkato (shortcut) ya kufungulia Chrome. Amri hiyo ikisahaulika humo huondoa ulinzi wa vipima muda katika kila kichupo atakachofungua.

Lakini Mhariri, sehemu kubwa ya lawama si ya msomaji. Ni yetu sisi tunaotengeneza tovuti. Breki za kivinjari zimewekwa kwa sababu sisi hatukufunga breki.

Kosa lililoenea kuliko yote ni kuiuliza seva kwa setInterval ya kila sekunde tano bila kujali kama jibu la swali lililotangulia limefika. Mtandao ukizubaa, maswali yanapandana: la pili linatoka la kwanza halijarudi, la tatu linafuata, na seva iliyokuwa inapumua kwa shida inaongezewa mzigo. Badala yake tumia setTimeout, na uiweke baada ya jibu kufika, si kabla. Jibu likishindikana, ongeza muda wa kungoja mara mbili kila safari: sekunde 5, 10, 20, 40, hadi ukomo wa dakika tano, ukichanganya na tofauti ndogo ya nasibu ili wasomaji wote wasirudi kwa wakati mmoja seva inapoamka.

La pili ni kutomsikiliza msomaji anapoondoka. Kivinjari hutoa taarifa ya visibilitychange kila ukurasa unapofichwa au kurudi machoni. Ukiipata na document.visibilityState ikawa hidden, zima kipima muda. Ikirudi visible, uliza seva mara moja papo hapo, kisha anza kuhesabu upya. Mistari sita ya msimbo haizidi. Ila hapa ndipo wengi huteleza: wanaanzisha kipima muda kipya msomaji anaporudi bila kuzima cha zamani. Msomaji akiingia na kutoka mara kumi, ukurasa una vipima muda kumi na kimoja vinavyofanya kazi ileile. Nambari inayorudishwa na setInterval lazima ihifadhiwe mahali pamoja, na clearInterval itangulie kabla ya kuanzisha kingine.

La tatu linaumiza watu moja kwa moja: saa za kurudi nyuma, za mitihani ya mtandaoni, za kulipia tiketi, za minada. Aliyeziandika anapunguza moja kila kipima muda kinapolia, akiamini kila mlio ni sekunde. Weka saa hiyo katika kichupo kilichofichwa kwa dakika 15 ndani ya Chrome yenye masharti yale ya toleo la 88. Dakika tano za mwanzo italia mara 300. Dakika kumi zinazofuata italia mara 10. Mtahiniwa akirudi ataonyeshwa kwamba zimepita sekunde 310 hivi, wakati zimepita 900. Anayeamini kioo atafungiwa mlango akidhani bado ana muda wa kutosha. Hili halitibiwi kwa kuhamishia saa ndani ya Web Worker, ingawa ndiyo njia ya mkato inayopendwa. Hifadhi wakati wa mwisho, na kila kipima muda kinapolia toa saa ya sasa kutoka kwenye wakati huo. Hapo hata kikilia mara moja kwa dakika, jibu ni sahihi. Na uamuzi wa nani amechelewa ubaki kwa seva, kwa kuwa saa ya kompyuta ya mtu yeyote inaweza kusogezwa.

Mwendo wa picha usiendeshwe na setInterval ya milisekunde 16. Tumia requestAnimationFrame, ambayo kivinjari huisimamisha chenyewe ukurasa ukifichwa, au CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, kama mwendo ni wa kawaida. Arifa zisitafutwe kwa kuuliza seva usiku kucha. Zipo arifa za kusukumwa, ambazo humwamsha service worker, msimbo wa tovuti unaofanya kazi nyuma ya pazia, pale tu kunapokuwa na ujumbe. Kazi ya msomaji ihifadhiwe ukurasa unapofichwa, si unapofungwa, maana kichupo kinaweza kutupwa bila kuagwa. Na anayeagiza setTimeout ya mwezi mzima ajue kwamba ukomo ni milisekunde 2,147,483,647, takriban siku 24.8, ukiuzidi, agizo hutekelezwa papo hapo. Msimbo unaojiagiza upya kwa muda huo mrefu hugeuka kuwa gurudumu lisilosimama.

Nisiwasahau wenye magazeti, na samahani kwa kusema hivi katika ukurasa wenu. Tovuti za habari ni miongoni mwa zile zinazochosha mashine zaidi, si kwa habari zake bali kwa msimbo wa watu wengine: matangazo, takwimu, vitufe vya kushirikisha. Chrome tangu toleo la 85, la mwaka 2020, huliondoa tangazo ambalo msomaji hajaligusa likitumia data zaidi ya megabaiti 4, au sekunde 15 za kichakataji ndani ya sekunde 30 zozote, au sekunde 60 kwa jumla. Chini ya mipaka hiyo tangazo linabaki na uhuru mwingi. Na zile tovuti zinazojipakia upya nzima nzima kila dakika chache, msomaji awepo asiwepo, sioni kwa nini ziendelee. Kinachobadilika humo ni vichwa vitatu vya habari.

Mwenye tovuti anayetaka kuipima hahitaji kifaa chochote. Afungue ukurasa wake, ahamie kichupo kingine, auache umefichwa dakika 10, kisha asome rekodi za seva (logs) aone maombi mangapi yametoka kwenye kichupo hicho. Ukurasa wa habari unapaswa kutoa sifuri. Halafu aandike chrome://discards kwenye anwani, akitupe kichupo hicho kwa makusudi, akirudie, na kuangalia kama alichokuwa ameandika kwenye fomu bado kipo.

Mtengenezaji wa tovuti,
msomaji wenu